Maumivu ya kichwa yanayoanzia shingoni: kunyongwa, fizio au vidonge?

FundiArua: Wadau, nashona sare za shule hapa Arua. Shule zikikaribia kufunguliwa nainamia cherehani toka asubuhi hadi usiku. Maumivu yanaanza kisogoni kulia, yanapanda hadi nyuma ya jicho. Ibuprofen inatuliza saa chache tu. Kuna mzee ananyonga shingo mpaka inalia "ko!", anasema anatoa uvimbe wa ndani. Kuna na kliniki ya fizio, wale wa tiba ya viungo. Niende wapi?

DerevaMalaba: Mzee, kaka. Mimi alininyonga nikalala kama mtoto. Wiki ya pili yakarudi, nami nikarudi. Sasa ni mteja wa kudumu, hahaha.

FizioKla: Hapo umejijibu, dereva. Fundi, neva za juu za shingo zinakutana na neva ya hisia za uso mahali pamoja, pale shina la ubongo linapoungana na uti wa mgongo, ndiyo maana kosa ni la shingo na jicho ndilo linalolalamika. Mgonjwa akija namlaza chali, namkunja shingo kidevu kielekee kifuani, halafu nageuza kichwa kulia na kushoto. Upande mmoja ukigoma mapema, nashuku pingili za juu. Mwaka 2002 Australia walitoa matokeo ya watu 200: tiba ya mikono, mazoezi, au vyote pamoja, kila kundi lilipata nafuu kuliko wasiotibiwa, na baada ya mwaka nafuu ilikuwepo bado. Ila habari ya kutoa uvimbe, ushahidi wake ni mwembamba sana. Mikono inalegeza shingo na kupunguza maumivu. Mimi siuzi zaidi ya hapo.

MamaKikuubo: Na sisi wa kumeza kila siku?

FizioKla: Dada, ukifikisha siku 15 kwa mwezi, miezi ikafuatana, vidonge vyenyewe vinaweza kuleta maumivu ya kichwa. Na kunyongwa kwa ghafla, ni nadra, lakini mshipa wa damu wa shingo unaweza kuchanika ukaleta kiharusi. Kizunguzungu, kuona viwili viwili, ulimi mzito: hospitali saa hiyohiyo.

DerevaMalaba: Eh. Mzee hakuniambia hilo.

FundiArua: Basi fizio. Nikisubiri zamu nifanye nini?

FizioKla: Lala chali, itikia "ndiyo" kidogo sana kwa kichwa, shikilia sekunde 10, rudia mara 10. Na ushushe kiti, kazi ikusogelee machoni.

FundiArua: Stuli nimeshaikata miguu. Mteja wa kwanza kaniuliza kama nimefupika.