Mwanafunzi akija maabara na ndala, nimrudishe?

MwalimuKondele: Habari zenu, walimu wenzangu. Nafundisha kemia kidato cha tatu hapa Kisumu. Sheria yangu ya kwanza ni viatu vinavyofunika vidole, la sivyo huingii maabara. Jumanne msichana mmoja alikuja na ndala kwa sababu viatu vyake vilikuwa vimelowa mvua ya usiku. Tulikuwa na titresheni (jaribio la kudondosha kimiminika kidogo kidogo kwenye kingine ili kupima nguvu yake), asidi na bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, juu ya kila meza. Nilimwacha nje. Akatutazama dirishani dakika 80 zote, daftari mkononi. Inaniuma mpaka leo. Ningefanyaje?

Wa_Nakuru: Pole mwalimu, lakini hukukosea. Asidi ikimwagika mguuni, ni wewe utakayemweleza mzazi. Mimi niliwaomba watahiniwa waliomaliza waniachie viatu vyao. Nina jozi saba kwenye katoni chini ya meza ya mbele. Asiye navyo anaazima, tunaendelea.

MamaFizikia: Hapa Kakamega tatizo langu ni daftari. Wananakili vipimo vya jirani! Karatasi ya tatu ya kemia KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari), ile ya vitendo, ina alama 40, na siku hiyo kila mtu na bureti yake. Siku hizi natia sahihi kila kipimo kabla mtu hajaondoka mezani.

MwalimuKondele: Asanteni sana. Katoni naanza wiki hii. Yule binti nimeshamwambia, kesho baada ya chakula cha mchana tunarudia titresheni naye, msaidizi wa maabara akiwepo.