Siku tatu Roma kwa mara ya kwanza: tule nini, tuanzie wapi?

MgeniWaTanga:
Habari za saa hizi wadau. Mimi na mke wangu tutakuwa Roma Ijumaa mpaka Jumapili, tumepanga chumba karibu na stesheni ya Termini. Tunataka Colosseum, Vatican na chakula cha Kirumi chenyewe. Nguruwe hatuli. Tupangeje?

NgaziMiaTano:
Ndugu, anza na tiketi. Za Colosseum hufunguliwa mtandaoni siku 30 kabla na huisha upesi. Jina lifanane na la pasipoti, na pasipoti yenyewe mwende nayo, maana mlangoni hukaguliwa. Tiketi hiyohiyo inaingia magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino.

Makumbusho ya Vatican msiyaweke Jumapili. Hufungwa, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi ambapo ni bure, na foleni yake haisemeki. Nendeni Ijumaa asubuhi. Basilika la Mtakatifu Petro kuingia ni bure, foleni ni ya ukaguzi tu. Mabega na magoti yafunikwe, hata kwa wanaume: kaptura itakurudisha nje. Kupanda kuba ni ngazi 551, ukilipia lifti zinabaki 320, na za mwisho ni nyembamba na zimeinama kufuata kuba.

MlaTambi:
Kaka, kwenye nguruwe kuweni macho kweli. Tambi nne zinazotajwa sana Roma ni carbonara, amatriciana, gricia na cacio e pepe. Tatu za mwanzo zina guanciale, yaani shavu la nguruwe, na mafuta yake ndiyo mchuzi wenyewe. Kwa hiyo kumwambia mhudumu "toa nyama" hakusaidii. Agizeni cacio e pepe: jibini la pecorino, pilipili manga na maji ya kuchemshia tambi, basi. Mkiagiza sema "senza maiale", bila nguruwe.

Mtaa wa Ghetto, penye Wayahudi wa Roma tangu zamani, ndio wa kwenu. Migahawa yenye cheti cha kosher, yaani sheria za chakula za Kiyahudi, haipiki nguruwe kabisa, ila hufungwa Ijumaa jioni na Jumamosi mchana, basi ulengeni Jumapili. Ulizeni carciofi alla giudia: ua la mboga ya artichoke linakaangwa mara mbili mpaka linafunguka kama waridi, majani ya nje yanavunjika mdomoni kama krispi, moyo unabaki laini. Msimu wake ni majira ya baridi ya huko hadi majira ya kuchipua.

Pizza ya kukata hupimwa kwa mizani. Bei ya kibao mara nyingi ni ya "etto", gramu 100, siyo ya kipande. Onyesha kwa mikono ukubwa unaotaka kabla mkasi haujapita.

MgeniWaTanga:
Ahsanteni sana. Na hilo jibini la pecorino, halina shida?

MlaTambi:
Pecorino Romano hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo. Nguruwe hamna, lakini kama mnashika sharti la uchinjaji, amueni wenyewe.

KahawaKaunta:
Nyongeza. Jikoni nyingi hufungwa kati ya saa tisa alasiri na saa moja usiku, na palipo wazi muda huo kando ya vivutio mara nyingi ni pa watalii. Kahawa inyweni mmesimama kaunta, mkikaa mezani bei hupanda. Sehemu nyingi mnalipia kwanza, kisha mnampa mtengenezaji risiti. Chupa ya maji msiitupe: mabomba ya chuma ya mitaani, nasoni, hutoa maji baridi safi bure. Zibeni tundu la chini kwa kidole, maji yataruka juu kwenye kitundu cha kunywea.

Kutoka uwanja wa ndege wa Fiumicino, treni ya Leonardo Express hufika Termini kwa dakika 32 bila kusimama. Tiketi ya karatasi igongwe kwenye mashine kabla ya kupanda, isipogongwa mnapigwa faini hata kama mmelipa.

Na ngazi za Piazza di Spagna msizikalie, tangu 2019 kuna faini.