Rekodi za laivu za soul na funk, ile miziki ya Wamarekani weusi: ipi ilikunasa? Tupeane uzoefu

Wakuu, naanza mwenyewe. Marehemu mzee wangu alikuwa na kaseti ya James Brown, ile aliyorekodi laivu ukumbi wa Apollo, Harlem, New York, Oktoba 1962. Ni kama nusu saa tu. Upande wa pili ukifika katikati redio inatafuna mkanda, tunauchomoa taratibu na kuuzungusha kwa peni. Kuna wimbo jamaa anabembeleza zaidi ya dakika kumi, bendi imeshuka chini kabisa, halafu mwanamke anapiga yowe. Utotoni nilijua kuna mtu anapigwa! Ukubwani ndiyo nikasoma kwamba mwenye kampuni ya santuri aligoma kugharamia, Brown akatoa hela yake mfukoni. Ilipotoka 1963 iliuza balaa. Haya, nanyi tiririkeni.

Mzee wa Magomeni: Kijana umenipeleka mbali. Soul ilipigwa marufuku hapa Dar 1969, nasi na suruali zetu za bugaluu tukawa tunasikilizia ndani, madirisha yamefungwa, jasho linatutoka. Yangu ni Aretha Franklin, Fillmore West, San Francisco, Machi 1971. Shoo ikielekea mwisho anamwibua Ray Charles na kumkalisha kwenye kinanda. Sikiliza ukumbi unavyolipuka.

Binti Kimara: Donny Hathaway, ile ya 1972. Akigusa tu kinanda kwenye wimbo wa Carole King watu wanautambua, wanapiga kelele, kisha kiitikio wanaimba wao, yeye anawafuata. Nilikuwa nimesimama kwenye mwendokasi, spika za masikioni, nikaitikia kwa sauti. Gari zima likageuka. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, uko salama?"

Kichwa Ngumu: Mimi siwaelewi. Makelele ya watu yanaharibu wimbo. Studio kila kitu safi.

Mpiga Besi: @Kichwa Ngumu, ulishawahi kumsikia Willie Weeks kwenye hiyo hiyo ya Donny, wimbo wa mwisho? Anaachiwa besi peke yake, anaanza kama anatafuta kitu kilichopotea, watu wanamchochea, naye anapanda. Bila wale watu asingefika pale. Nina miaka miwili naukopi, bado vidole vinagoma. Hata nyimbo za bendi yetu ya Sikinde, za redioni na za ukumbini ni vitu viwili tofauti.

Mzee wa Magomeni: Mleta mada, kaseti ya mzee bado unayo? Kariakoo wapo mafundi wanahamishia kwenye flashi.

Mleta mada: Ipo, mzee wangu. Redio ndiyo iliuzwa.