Darasa moja: wengine wanaongea Kiingereza, wengine hawajui kukisoma. Nifundisheje?

Mwalimu wa Kusini

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, na kama kuna walimu humu ndio ninaowahitaji zaidi.

Nafundisha Kiingereza Kidato cha Kwanza, shule ya kata, Dar hii hii, Mbagala kwa ndani. Darasa langu lina wanafunzi 84. Wapo waliosoma msingi ingilishi midiamu, ada ikawashinda wazazi wakaletwa kwetu. Hao ukiwapa kifungu cha kusoma wanamaliza sijaweka chaki chini. Wapo wa katikati, ukienda nao taratibu wanaelewa. Halafu wapo ambao tangu ile kozi ya maandalizi ya mwanzo wa mwaka hawajasogea. Wananakili ubaoni herufi moja moja, ukimwambia mtoto asome alichoandika mwenyewe anainamisha kichwa.

Nikienda kwa kasi ya wanaojua, nyuma wanasinzia. Nikipunguza, mbele wanaanza stori na kuwacheka wenzao. Nikiwa na kundi la ndani kipindi kinachangamka kweli, mikono inanyooshwa hadi raha, lakini moyo wangu hautulii.

Naombeni mbinu za kulifanya somo livutie kwa wote. Projekta msinitajie, nina ubao na chaki. Kipindi ni dakika 40, Jumanne nina viwili mfululizo. Nahitaji majibu kabla ya Jumatatu tafadhali.

Mzalendo Halisi

Pole mwalimu, ila tatizo si lako. Tume ya Makweta, ile ya Rais iliyochunguza elimu, ilishapendekeza tangu 1982 kwamba sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, waanze na Kidato cha Kwanza 1985. Serikali ikaliweka pembeni. Mtoto anasoma miaka saba kwa Kiswahili, akivuka Januari moja tu anakutana na Baiolojia, Jiografia na Hisabati kwa lugha asiyoijua. Hapo utacheza michezo gani?

Mwalimu wa Kusini

Mkuu nakuelewa. Lakini mimi nafundisha Kiingereza chenyewe. Hata masomo yote yakihamia Kiswahili kesho, hawa 84 bado ni wangu.

Enzi Zetu

Sisi ukiongea Kiswahili ulivishwa kibao shingoni unazunguka nacho siku nzima. Leo naingia ofisi yoyote naongea Kiingereza bila kigugumizi. Watoto wa sasa wanadekezwa. Fimbo mwalimu, fimbo.

Wakili wa Kitaa

Mzee, kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi 4, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na kila adhabu inaandikwa kitabuni. Tena ni kwa kosa kubwa la nidhamu. Kutojua Kiingereza si utovu wa nidhamu.

Enzi Zetu

Ndiyo maana hawajui.

Baharia Mstaafu

Mimi darasani sikuambulia kitu. Nilikijua Kiingereza bandarini, nikibeba mizigo ya wageni wanaokwenda Zanzibar. Neno la kwanza nililolikamata vizuri ni bei. Ukikosea bei unalala njaa, kwa hiyo hukosei mara mbili. Baadaye nikapanda meli, nikazunguka Mombasa, Durban, mpaka Mumbai. Kuna Mgiriki mmoja alikuwa bosi wangu, Kiingereza chake kibovu kuliko changu, tukaelewana miaka. Mwalimu, wape kitu wanachokihitaji, ulimi utafunguka wenyewe.

Bibi Chaki

Mwanangu, nimefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, nikuambie mawili matatu.

Jaribu imla ya kukimbia. Andika kifungu kifupi, sentensi sita saba, kibandike ukutani nje ya mlango. Wanakaa wannewanne. Mmoja anakimbia, anasoma sentensi, anaibeba kichwani, anarudi kuwaambia wenzake, mmoja anaandika na wengine wawili wanakagua. Kila sentensi mnabadilishana kazi. Asiyejua kusoma vizuri anaanza kwa kukagua herufi kubwa na nukta, akiona wenzake wamefanikiwa ataomba mwenyewe kukimbia. Kelele zitakuwepo, lakini ni kelele za Kiingereza.

Na vitabu vyepesi vya hadithi usivisahau. Ripoti ya 1984 ya Criper na Dodd, wataalamu wa Kiingereza kutoka Uingereza, ilionyesha wanafunzi wengi wa sekondari hawakielewi Kiingereza wanachofundishiwa, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 80 ukaja mradi wa Waingereza wa kusaidia somo letu, mashuleni tukapata vitabu vya ngazi tofauti. Mtoto anachagua anachokiweza, hakuna wa kumcheka. Angalia stoo ya shule yenu, kama kuna vilivyobaki vitoe vumbi.

Jicho Kavu

Nina swali. Mwalimu kaandika "nikiwa na kundi la ndani". Wanafunzi 84, darasa moja. Kundi la nje ni lipi? Na Jumatatu kuna nini?

Mama Vikoba

Hata mimi hapo nimepasoma mara mbili.

Mwalimu wa Kusini

Namaanisha makundi tu, kama mwalimu yeyote anavyogawa. Bibi Chaki shikamoo, asante sana. Hiyo imla kwa watu 84 unawapangaje wasiumizane mlangoni?

Bibi Chaki

Marahaba. Bandika nakala nne, pembe nne za nje. Lakini mwenzetu kauliza vizuri, mjibu.

Jicho Kavu

Nasubiri.

Mwalimu wa Kusini

Sawa.

Tangu mwezi uliopita nimeligawa darasa. Wale 26 ambao hawasomi kabisa wanakaa nje chini ya mwembe wakati wa vipindi vyangu. Anawafundisha mdogo wangu, amemaliza Kidato cha Sita, ana Kiingereza kizuri na ana subira kuliko mimi. Hamlipi mtu, nampa nauli. Mkuu wa shule sikumwambia, nilitaka kwanza nione kama inafanya kazi. Wiki hii mwalimu wa taaluma amewaona, ameniagiza maelezo kwa maandishi Jumatatu asubuhi. Na kuna mzazi amekuja, mwanawe anakataa kuja shule kwa sababu wenzake wanamwita "wa mwembeni".

Kabla hamjanishambulia: inafanya kazi. Kuna mtoto pale hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari, sasa anasoma aya nzima. Ndani nako tunakwenda. Ningewaacha wote pamoja wasiojua wangeketi tu mpaka upimaji wa Kidato cha Pili uwakute hivyo hivyo. Mimi naona ni afadhali aitwe wa mwembeni akajua kusoma.

Mama Vikoba

Hapana mwalimu. Mwanangu wa pili walimweka "mkondo wa mwisho" huko alikosoma, kila mtu alijua maana yake. Alikuwa akirudi nyumbani anatupa begi. Kusoma alikuja kujua, ila mpaka leo ni mtu mzima ukimpa fomu ya Kiingereza anamsukumia mkewe aijaze. Mtoto kukataa shule si jambo dogo, hata kama wenzake 25 wanasoma.

Wakili wa Kitaa

Na mtu wa nje kukaa na wanafunzi muda wa masomo bila mkuu kujua? Mtoto akianguka pale chini ya mwembe nani anajibu? Kwenye hayo maelezo usiandike "nilitaka nione kama inafanya kazi". Omba kibali.

Mwalimu wa Kusini

Kibali nitaomba. Lakini msiniambie niwarudishe ndani wakae kimya. Mmewahi kusimama mbele ya watoto 84?

Jicho Kavu

Wakuu mimi nasema hii ni chai. Kidato cha Sita wanamaliza Mei, wakitoka hapo wanaitwa JKT. Huyo mdogo wake tangu mwezi uliopita yuko chini ya mwembe anafundisha? Huyu ni mwanachuo wa ualimu anatafuta majibu ya utafiti wake, anataka tumwandikie.

Dogo wa Rangi Tatu

Halafu mwembe Mbagala? Shule gani hiyo? Huku kwetu ni mikorosho na minazi.

Enzi Zetu

Miembe ipo. Mimi nimekulia Kizuiani, tulikuwa tunaipiga mawe mchana kutwa.

Dogo wa Rangi Tatu

Hiyo ilikuwa zamani mzee, yote imekatwa wamejenga.

Baharia Mstaafu

Kwangu upo mmoja, unazaa kila mwaka. Anayebisha aje.

Mzalendo Halisi

Tumetoka kwenye lugha ya kufundishia tunahesabu miembe.

Jicho Kavu

Mleta mada ajibu. Mdogo wako alimaliza lini?

Mwalimu wa Kusini

Alimaliza mwaka jana, JKT alikwenda akarudi. Chuo alipata, fedha ndiyo ikakosekana, anasubiri mwaka huu aombe tena. Sikuandika kwa sababu hayo ni mambo ya nyumbani kwetu.

Na kama mnadhani mimi ni mwanachuo, hii hapa ni kazi ya mtoto mmoja wa mwembeni. Waliambiwa waandike chochote kuhusu nyumbani. Ninayo mkononi: "My mother she is sell vitumbua. I wake up in the saa kumi. I put the moto. The people they come and they say add me one." Hicho ndicho ninachosahihisha usiku. Niambieni mtu wa kutunga uongo angeandika hivyo.

Dogo wa Rangi Tatu

Add me one 😂 niongeze kimoja. Hapa mimi naamini.

Jicho Kavu

Sawa, kwa hapo nimekubali. Kibali bado.

Bibi Chaki

Mwalimu, hebu isome tena hiyo karatasi. Mtoto ana sentensi nne zenye maana, ana mpangilio, ana habari ambayo wale wa ingilishi midiamu hawana. Kilichopungua ni vitenzi na maneno machache. Huyo si wa kutolewa nje. Kifungu chako cha Jumanne ndicho hicho.

Kaa na mtoto kwanza, faraghani, muombe ruhusa. Akikubali, mnyooshe naye sentensi mpaka zifike nane, zote ziwe zake, jina usiweke. Asipotaka, tunga yako ya mama muuza vitumbua. Iandike ubaoni, darasa zima lisome pamoja. Kifungu ni kimoja, kazi ndiyo zinatofautiana.

Wale 26 wape sentensi hizo hizo zilizokatwa vipande, wazipange zifuatane, kisha wachore hatua za kupika na kuandika neno moja moja: unga, nazi, hamira, kikaango, kwa Kiingereza. Mdogo wako kama mkuu ataruhusu akae nao humo humo ndani. Wa katikati wape kifungu chenye mapengo ya vitenzi, halafu watunge maswali matatu ya kumuuliza mpishi.

Wanaojua, hapa ndipo wengi tunakosea kwa kuwapa kazi ndefu zaidi ya ile ile. Wape wasichokijua. Waandike maelekezo kamili ya kupika vitumbua ambayo mgeni asiyevijua angeweza kuyafuata. Wengi wao hawajawahi kuvipika, nakuhakikishia. Itabidi wainuke wakawaulize wale wanaoamka saa kumi. Anayeuliza anauliza kwa Kiingereza, anayejibu anaruhusiwa kuchanganya na Kiswahili, na muulizaji ndiye anatafuta neno. Hapo aliyekuwa anacheka mwenzake anamhitaji ili amalize kazi yake.

Kiswahili usikiogope darasani, mwanangu. Maelekezo ya mwanzo wape kwa Kiswahili ili mtu asishindwe kazi kwa kutojua anatakiwa afanye nini.

Mama Vikoba

Bibi Mungu akupe umri. Na vitumbua usisahau iliki.

Mwalimu wa Kusini

Bibi Chaki nimeisoma zaidi ya mara moja. Jumanne nitafanya hivyo kwenye vipindi viwili.

Ila mwembe siuachi wote. Kusoma kwa sauti bado wanahitaji, na ndani ya watu 84 mtoto hawezi kusoma kwa sauti akakosea bila kusikika. Nitamuandikia mkuu kwamba mdogo wangu aruhusiwe kujitolea baada ya vipindi, saa nane na nusu hadi tisa na nusu, aje yeyote anayetaka, hata anayejua. Mzazi yule nitamfuata nyumbani Jumapili nimweleze.

Wakili wa Kitaa

Andika hivyo hivyo kwenye maelezo. Tarehe, muda, idadi, na jina la mwalimu atakayekuwepo shuleni saa hizo. Kabla hujajibiwa, mdogo wako asionekane Jumatatu.

Mwalimu wa Kusini

Hilo ndilo gumu. Wale watoto Jumatatu watamkosa.

Jicho Kavu

Mwalimu, watakukuta wewe.

Enzi Zetu

Mimi bado nasema kibao shingoni.

Mwalimu wa Kusini

Bibi, swali la mwisho. Vipande vya sentensi kwa watoto 26, kila mmoja na vyake au kwa kikundi? Na manila nitazipata wapi kwa bei nafuu, shule haina.

Bibi Chaki

Kikundi cha watatu, kwa hiyo seti tisa zinatosha, kikundi kimoja kitakuwa na wawili. Manila usinunue. Omba maboksi matupu duka la jirani, kata vipande vipana, andika kwa makapeni upande wa ndani usio na maandishi. Kila seti ifunge na mpira wake, zikichanganyika utalia.