Nimemwokoa kobe kiangazi hiki: nimtunzeje kwenye joto la Mwanza?

Mkazi wa Buswelu

Ndugu zangu, naomba ushauri wa yeyote aliyewahi kumhudumia kobe, kwa maana mimi nimeanza kwa makosa na sitaki kuendelea nayo.

Juma lililopita, nikirudi kutoka Misungwi, niliwakuta watoto kando ya barabara wakimburuta kobe kwa waya walioupitisha kwenye tundu lililotobolewa ukingoni mwa gamba lake. Nilimchukua bila kuwalipa, kwa sababu niliona kwamba nikitoa hata shilingi mia tano kesho watakuwa na kobe wengine watatu wa kuuza. Ana ukubwa wa sahani ya wali, mgongo umeinuka kama bakuli lililofunikwa, na rangi yake ni manjano iliyofifia yenye madoa meusi.

Kwa kuwa mvua ilikwisha tangu Mei na uani kwetu, huku mlimani, ni vumbi na mawe matupu, nilidhani anataka maji mengi, nikamtia kwenye beseni lililojaa nusu. Alizama mara moja. Nilimtoa akitapatapa, na tangu siku hiyo naogopa kumwekea hata maji ya kunywa. Anakaa kwenye sakafu ya saruji chini ya kibanda cha bati. Jana saa saba mchana nilimkuta akitokwa na mate mengi yaliyomlowesha shingo. Tunampa ugali na dagaa, ambavyo anavigusa kidogo tu. Kwenye lile tundu panatoka majimaji, na mapajani ana kupe watatu. Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo ameniambia nimpeleke kesho amchome ile sindano ya kupe na minyoo wanayochomwa mbuzi. Nimpeleke?

Daktari wa Mifugo, Magu

Usimpeleke. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kusubiri hadi jioni. Sindano unayoelezwa, bila shaka yoyote kwangu, ni ya ivamektini, dawa nzuri kwa ng'ombe na mbuzi ikitolewa kwa kipimo, lakini kwa kobe ni sumu: humpoozesha, miguu ikalegea, kisha pumzi ikakatika, na hakuna dawa ya kuirudisha nyuma. Muuzaji huenda hana nia mbaya. Kobe hawamfikii kila siku.

Kupe watatu hawahitaji sindano. Chukua kibanio cha nyusi, mshike kupe karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumsokota, kisha umtie kwenye spiriti. Usimpake kobe mafuta ya taa wala dawa ya kuogeshea mifugo.

Kuhusu tundu, watu wengi hudhani gamba ni kama ukucha uliokufa, kumbe chini ya ule utando mgumu wa juu kuna mfupa ulio hai, wenye damu na neva, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo. Aliyemtoboa alimtoboa mfupa. Chemsha nusu lita ya maji, yatie kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa mwoshe kidonda, kausha, kisha paka iodini ya vidonda uliyoizimua mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Fanya hivyo kila siku. Usizibe tundu kwa gundi, maana utaufungia uchafu ndani, na asubuhi na jioni tazama kama nzi wametaga mayai hapo. Ukisikia harufu mbaya au ukiona usaha mgumu, mtafute daktari wa mifugo akutane naye ana kwa ana. Hayo hayatibiki kwa maandishi.

Mtunza Bustani wa Kisesa

Pole, ndugu yangu. Kwa miaka sita nilitunza bustani ya mwajiri aliyekuwa na kobe wawili wa aina hiyo kwa kibali, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Mate yale si ugonjwa bali ni kilio cha joto. Kobe hatoi jasho. Mwili wake hufuata joto la mahali alipo, na anapozidiwa hujilowesha kichwa na shingo kwa mate ili apoe. Joto la mwili wake likikaribia nyuzi 40 za Selsiasi, maisha yake yamo hatarini. Kibanda cha bati juu ya saruji saa saba mchana ni tanuri, hata kama kina kivuli. Mtoe hapo leo. Mtafutie sehemu yenye udongo, chini ya mwembe kama upo, na umjengee kijumba kifupi cha kuezekwa kwa nyasi kinachomtosha kugeuka, mlango ukitazama upande usiopigwa na jua la mchana. Nawe unayeishi mlimani uangalie jambo ambalo wa bondeni hawalijui: mwamba uliochomwa na jua mchana kutwa hutoa joto mpaka usiku, basi usikiegemeze kijumba kwenye jiwe linalotazama magharibi. Hata hivyo usimnyime jua kabisa, kwa kuwa ndilo linalomwezesha kuyatumia madini ya chokaa. Jua la asubuhi analihitaji, na akiwa na pa kwenda atajipangia mwenyewe saa za kutoka na saa za kujificha. Mwagia kona moja ya udongo maji kidogo kila asubuhi, utaona atakavyoipenda.

Uzio uwe wa mbao au tofali, usiopitisha macho. Ukitumia wavu atatembea kandokando yake siku nzima akijaribu kupita, kwa sababu anauona upande wa pili. Na mbwa asifike hapo, hata yule mpole, maana wengi hulitafuna gamba kama mfupa.

Sasa maji, ambayo usiyaogope. Huyu ni kobe wa nchi kavu na anaweza kuzama, lakini kunywa lazima anywe. Chimbia kifuniko cha ndoo ardhini hadi ukingo ulingane na udongo, ujaze maji, uyabadilishe kila siku. Mara mbili au tatu kwa juma mwogeshe kivulini kwa dakika 15 hivi katika maji ya uvuguvugu yasiyofika kidevuni. Humo atakunywa, na huenda akakojoa ute mweupe: ukiwa laini kama dawa ya meno, yuko salama, ukiwa na chengachenga kama mchanga, amekaa na kiu siku nyingi. Waambie pia watoto wasimnyanyue kwa ghafla, kwa sababu kobe huhifadhi maji kwenye kibofu, na akishtuka huyamwaga yote, akabaki bila akiba katikati ya kiangazi.

Mama wa Pasiansi

Baba, ugali na dagaa achieni meza yenu. Huyo ni mla majani, na chakula cha samaki na unga kitamharibu figo. Mpeni ukoka, kongwe, majani na maua ya haibiskasi, na shina la mpungate lililoondolewa miiba. Mchicha uwe wa mara chache, kwa kuwa una tindikali inayozuia chokaa isiingie mwilini, na kisamvu kibichi msimpe kabisa kwa sababu kina sumu. Maganda ya mayai yachemsheni, myasage, mnyunyize juu ya majani. Porini kobe wa aina hiyo hutafuna mifupa mikavu, hata kinyesi cheupe cha fisi, kwa kuitafuta hiyohiyo chokaa! Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa, kwani kobe hubeba vijidudu vya kuharisha hata akiwa mzima.

Mwenyeji wa Busisi

Yote mliyosema ni mazuri, lakini hakuna aliyegusa sheria. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kukaa na mnyamapori bila kibali ni kosa, na nia njema haigeuki kibali. Toa taarifa serikali ya mtaa na kwa afisa wanyamapori wa halmashauri, au kwa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, mapema, kabla jirani hajakusemea.

Naongeza jambo moja kwa wasomaji wengine. Huyu kwa maelezo ni kobe wa madoa, lakini nchi yetu ya miamba ina pia kobe bapa kama chapati, mwenye gamba laini, anayejibana kwenye nyufa za mawe. Mtaalamu Friedrich Siebenrock alimwelezea mara ya kwanza mwaka 1903 kwa kielelezo kilichotoka hapahapa kwetu Busisi, na tangu 2019 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Mkimwona, mwacheni ufani mwake.

Mkazi wa Buswelu

Nawashukuru nyote. Sindano nimeiacha, kupe wametoka, na kijumba cha nyasi kiko chini ya mwembe wa jirani tunayepakana naye. Leo alikunywa maji kwa muda mrefu hadi nikahisi aibu. Ila swali moja: badala ya kusumbua ofisi, je, nisimrudishe tu porini kule Misungwi nilikomtoa?

Daktari wa Mifugo, Magu

Siyo sasa. Ana kidonda kibichi, amekaa karibu na mifugo na anaweza kuwapelekea wenzake maradhi, na hujui watoto walimtoa wapi hasa kabla ya kufika barabarani. Afisa ndiye ataamua mahali na wakati. Mpaka hapo endelea na maji ya chumvi.

Mkazi wa Buswelu

Nimeelewa. Afisa wanyamapori amepokea taarifa na atakuja Alhamisi kumwona. Ameniagiza nisimhamishe na niutunze ule waya.