Tangi la samaki la lita 54: beta, gapi au neoni? Naomba ulinganisho

Kioo_Kipya
Wakuu, habari zenu. Nimepata tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, lita 54 likijaa hadi ukingoni. Lina chujio la sifongo, hita, taa na mimea miwili mitatu. Maji yanazunguka, hii ni wiki ya tatu, samaki bado. Nina mipango mitatu:

A: beta (samaki mpiganaji) dume mmoja, tetra wa neoni 8, koridora (samaki wadogo wa chini) 4.
B: gapi 10 mchanganyiko dume na jike, pamoja na neoni 8.
C: samaki dhahabu 2 na plekosi mmoja wa kula mwani.

Mimi roho yangu iko A. Watoto wanataka C. Semeni kabla sijaharibu.

Mzee wa Matamvua
C ifute leo leo. Samaki dhahabu unayemwona ana sentimita 5 ni mtoto. Akikua anafika 20 na kuzidi, na kwa uchafu hana mpinzani. Halafu yeye ni wa maji ya baridi kidogo, nyuzi 18 hadi 22 hivi, wakati plekosi anataka joto. Huyo plekosi wa kawaida naye anavuka sentimita 30. Tangi lako lina upana wa 30. Atageukia wapi?

DadaNdevu
Mzee kamaliza C. Mimi nagusa koridora tu, maana ndio ugonjwa wangu. Wanne hawatoshi, anza na 6. Wakiwa wachache wanajificha siku nzima, utadhani umenunua mawe. Kwa lita 54 tafuta wale wadogo kabisa, Corydoras pygmaeus, hawazidi sana sentimita 2 na nusu. Chini weka mchanga laini, kwa sababu wanatafuta chakula kwa ndevu zao na changarawe yenye makali inazila hizo ndevu. Na jamani, koridora si mfagiaji. Hali kinyesi cha wenzake. Anahitaji chakula chake kinachozama.

Pezi_Refu
A inawezekana, ila inategemea beta mwenyewe. Wa kwanza niliyefuga aliishi na neoni zaidi ya mwaka, hata hakuwatazama. Wa pili, tangi lile lile, mpangilio ule ule, alimaliza mikia ya gapi wawili usiku mmoja. Nadhani ile mikia mipana yenye rangi ilimfanya aone madume wenzake. Kwa hiyo beta na gapi dume, mimi hapana tena.

Ukichagua A, tanguliza neoni, beta aingie mwisho akute wenyeji. Uwe na tangi la akiba la kumhamishia akianza ubabe. Funika juu, beta anaruka. Lakini acha nafasi ya hewa kati ya maji na kifuniko, maana anapanda juu kuvuta pumzi.

Mzee wa Matamvua
Pezi, "inategemea beta mwenyewe" ndiyo sababu mimi namkatalia mtu anayeanza. Anayeanza hana tangi la akiba. Tena umesahau upande wa pili: neoni wakiwa wachache au wakibanwa, wao ndio wanaomdonoa beta mapezi, naye kwa mapezi yale hana mbio.

Pezi_Refu
Hilo nalikubali. Ingawa wanane si wachache.

Bi_Uduvi
Mnagombana kuhusu tabia wakati hakuna aliyeuliza maji. Neoni asili yake mito ya Amazoni, maji laini yenye asidi kidogo. Gapi anastawi kwenye maji magumu, yaani yenye madini mengi. Ukiwaweka pamoja hawatapigana hata siku moja, ila mmoja atakuwa anadhoofika polepole na hutajua kwa nini. Hiyo ndiyo kasoro ya B. Kasoro ya pili ni uzazi: jike wa gapi anazaa takriban kila wiki nne, na anatunza mbegu za dume kwa miezi. Hata ukinunua jike peke yake, huenda anakuja na mimba tayari.

Kioo_Kipya, pima pH (kipimo cha asidi), ugumu, amonia, nitriti na nitrati. Kisha turudi kwenye samaki.

Kioo_Kipya
Nimepima. pH 7.8, ugumu digrii 16. Amonia 0, nitriti 0, nitrati 0. Sifuri zote tatu! Kwa hiyo tangi limekomaa, naweza kuweka samaki?

Bi_Uduvi
Pole, hapana. Limelala. Tangi lililokomaa huwa na amonia 0 na nitriti 0, lakini nitrati ipo, kwa sababu ndiyo mwisho wa safari: bakteria mmoja anageuza amonia kuwa nitriti, mwingine nitriti kuwa nitrati. Hapo kwako hakuna kilichoanza. Maji yamezunguka wiki tatu bila chakula, sasa bakteria wale nini?

Tupia chakula cha samaki kidogo sana kila siku kioze na kutoa amonia, ukiwa na hita kwenye nyuzi 26 au 27. Amonia itapanda, ishuke. Nitriti itapanda, ishuke. Nitrati itaonekana. Hesabu wiki nne hadi sita. Kila utakapoongeza maji ya bomba, yatoe klorini kwanza. Na usije ukaosha sifongo la chujio bombani, bakteria wako wanaishi humo.

DadaNdevu
Na kwa ugumu wa 16, sahau neoni. Watu watakwambia watazoea. Kuzoea na kustawi ni vitu viwili.

Pezi_Refu
Basi kwa maji hayo mimi naona njia mbili. Gapi madume watupu, 7 au 8, rangi zote na hakuna uzazi. Watafukuzana kidogo, weka mimea mingi wapotezane macho. Au kitu tofauti kabisa: Neolamprologus multifasciatus wa Ziwa Tanganyika. Wadogo, wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono, wanachimba mchanga mchana kutwa na kulinda mlango kama askari. Wanapenda maji magumu, pH ikipanda hadi 8 na zaidi ndiyo raha yao. Hao usiwachanganye na mtu, tangi liwe lao. Na mimea utakayopanda mchangani wataing'oa.

Mzee wa Matamvua
Wa Tanganyika wanavutia kweli, lakini rangi yao ni mistari ya kahawia. Watoto wanaotaka samaki dhahabu hawatakusamehe.

Kioo_Kipya
Mzee umenijulia nyumba yangu. Nachukua gapi madume 7, nitaanza na watatu ili bakteria wasizidiwe, na konokono wachache wa mwani. Beta nitamtafutia tangi lake siku nyingine. Plekosi alikuwa ameshapewa jina na mwanangu wa mwisho, hilo nitalimaliza mwenyewe.

Chakula nimetupia asubuhi hii. Nimepima tena jioni, amonia bado 0.

Bi_Uduvi
Leo ni siku ya kwanza. Pima keshokutwa.