Eti "abiria mlitukimbia"?? Huyu bosi wa mabasi ananitafuta ubaya!!

Wakuu, salamu baadaye. Natoka kwenye kikao cha hawa watu wa mabasi wa mji wetu huku Marekani (mlioko huku mnawajua, siwataji), nina hasira naweza kutafuna tiketi. Yaani hela ya korona imeisha, wanataka kufuta basi la usiku na nauli ipande, halafu jamaa na tai yake anashika maiki anasema eti abiria ndio mlitukimbia. MLITUKIMBIA! Mimi ninayehudumia wazee shifti ya usiku, 2020 mji mzima umejifungia niko ndani ya basi lake, tunapandia mlango wa nyuma, mbele wamekata na mnyororo wa plastiki, siti zimebandikwa makaratasi ya usikae hapa, tupo mimi, dereva na mama mmoja wa usafi. Nani kamkimbia nani??

Serikali kuu iliwamwagia mashirika ya mabasi na treni nchi nzima dola bilioni 25 Machi 2020, Disemba bilioni 14 zingine, Machi 2021 tena 30 na ushee, maana siti tupu na madereva lazima walipwe. Sawa, sina neno. Ila hela ya dharura ina mwisho, wao wakaila kama urithi wa babu. Leo kosa la nani? Abiria! Kasema hivyo halafu kanywa maji ya chupa taratiiibu. Mlitukimbia! Na kaja na gari lake, nimeliona pakingi.

Siti ya Dirisha: Ulimjibu mkuu au umekuja kutufokea sisi?

Mleta uzi: Walinipa dakika mbili za kuongea, hasira zikala zote.

Siti ya Dirisha: 😂😂 Kwa hiyo ulihema tu kwenye maiki

Kanairo_Mtaani: Nyinyi mmepewa mabilioni na bado mnalia? Huku Kenya wakati wa korona matatu ya watu 14 iliambiwa ibebe 8, ruzuku hatukuona, nauli tukapandishiwa sisi. Agosti 2021 wakaruhusiwa kujaza, nauli ya ruti yangu haijawahi rudi chini.

Binti wa Gongo la Mboto: Mie ile level siti ya daladala enzi za korona, hakuna kusimama, niliipenda jamani. Sasa hivi kwapa la konda liko usoni kwangu kila asubuhi.

Kanairo_Mtaani: Afadhali kwapa, wetu jana ameenda na chenji yangu ya mia mbili.

Siti ya Dirisha: Mia mbili unaandika humu?

Binti wa Gongo la Mboto: Ya Kenya hiyo, kama elfu nne ya huku. Mdai!